Maswali Yenu: Jasho la matatu au jasho la baiskeli?

Mwezi huu barua karibu zote zinalia jua. Zile za feni na za maziwa kuganda kabla ya jioni nimeziweka kando, nimechukua za barabarani, kwanza juu ndizo nyingi, alafu mimi mwenyewe nakuja kazi na baiskeli mwaka wa sita sasa kwa hivyo hapa angalau naongea kitu mgongo wangu unakijua.

SWALI: Salamu kwa wote hapo. Naishi Umoja Innercore, nafanya kazi ya mapokezi kwa ofisi moja Upper Hill. Kila asubuhi napanda mathree (matatu) mpaka tao, katikati ya Nairobi, nashuka, natafuta ya pili, ama foleni ikinishinda napanda huo mlima kwa miguu. Hii Februari imenimaliza. Jana gari ilijaa mpaka mlangoni, madirisha yote yamefungwa, nimesimama na kwapa la mtu liko hapa kwa pua, nikajaribu kufungua dirisha mama mmoja akaniambia ana mtoto, upepo utamshika kifua. Nimefika kazini blausi imeshikana na mgongo na ni saa mbili asubuhi tu! Sasa kuna kaka wa uhasibu hapa kwetu anakuja na baiskeli kutoka South B na anafika mkavu kuniliko, haki sielewi. Nikamwambia mzee wa nyumba nataka baiskeli, akacheka mpaka akakohoa, akasema nitafika nikinuka kama beberu na magari yatanimaliza kabla nione City Stadium. Ni wazo ama ni wazimu? *Mwenye Blausi Moja, Umoja*

JIBU: Dadangu, ni wazo. Lakini mzee wako ana haki kwa jambo moja, na si lile la beberu, nitalifikia.

Wacha tuanze na huyo kaka wa uhasibu maana ndiye anakuchanganya. Mtu akikaa tu bila kufanya chochote mwili wake unatoa joto la kama wati 100. Sasa chukua gari ya abiria 33, ongeza kumi wamesimama, ongeza dere na kange (kondakta), hao ni 45, yaani wati 4,500, ni kama mmefungiwa ndani ya bati na pasi nne za umeme zimewashwa, jua nalo linachoma hiyo bati kutoka juu. Na si joto peke yake. Pumzi za watu 45 zinajaza hewa unyevu, na jasho halipozi mwili kwa kutoka, linapoza kwa kukauka. Hewa ikishashiba maji na haitembei, jasho lako linakosa pa kwenda, linateremka tu mgongoni na blausi inalinywa.

Kwa baiskeli mwili unatoa joto zaidi ya hapo, mara tatu hata nne, nisikudanganye. Tofauti ni kwamba ukienda kilomita 15 kwa saa umejitengenezea upepo wako mwenyewe, na hewa ya Nairobi Januari na Februari ni kavu, jasho linakauka hata kabla hujaliona. (Hii hadithi nilimpa binamu yangu wa Mombasa akanicheka, na haki anayo, huko kwao hewa yenyewe ni kama iko ndani ya matatu.)

Shida inakuja ukisimama. Mtu wa baiskeli anasonga akiwa mkavu vizuri, alafu akifika getini, soja anamuandikisha kitabu, hizo dakika mbili tu anaanza kuchuruzika kama mtungi. Upepo umekatika na mwili bado una moto. Wengi wanaoanza wanaachia hapo, wanakimbia mpaka mlango wa ofisi, wanaingia lifti, wanatoa jasho lote la safari mbele ya bosi, alafu kesho wanarudi kwa matatu wakisema baiskeli inanukisha. Kilomita ya mwisho endesha kama unasindikiza bibi harusi. Ukifika usivae nguo za kazi hapo hapo, na hata kama kuna bafu usikimbilie kuoga, kaa kivulini dakika kumi, kunywa maji, mwili upoe, ndio ujipanguse na kitambaa cha maji uvae. Ukivaa mapema utalowesha na ile blausi ya pili, na wewe unasema uko na moja.

Najua utaniambia kilomita yako ya mwisho ni ule mlima wa Upper Hill. Shuka usukume. Wanaokucheka wako kwa jam, hawaendi popote.

Kitu kingine, hilo jua unalolilia si la saa za kwenda kazi. Ukitoka Umoja saa kumi na mbili na nusu asubuhi kuna kama nyuzi 15, watu wamevaa sweta. Nyuzi 28 zinafika saa nane, saa tisa mchana ukiwa umekaa mapokezi. Safari ya joto ni ile ya jioni, na jioni unaenda kwako, kwa bafu yako, hakuna mgeni wa kukusalimia.

Alafu wewe wa Eastlands una bahati ambayo huijui. Hili jiji limeinama kutoka magharibi kuja mashariki, ukitaka ushahidi angalia mito, Nairobi, Mathare, Ngong, yote inateremka kuja upande wenu. Kwa hivyo asubuhi unapanda pole pole kukiwa na baridi, jioni joto limekolea unateremka. Na asubuhi ukienda magharibi jua linachomoza nyuma yako, jioni ukirudi linazama nyuma yako, huchomwi macho hata siku moja. Lakini hapo shika hili: dereva anayetoka mbele yako akikunja kukukatia njia yeye ndiye jua liko kwa macho yake, hakuoni. Usiamini kwamba amekuona juu wewe umemuona.

Sasa mzee wako. Kitu ametaja sawasawa ni barabara. Thika Road ikifunguliwa 2012 ilikuja na njia za baiskeli na za miguu, Ngong Road iliyopanuliwa nayo iko na zake, lakini Jogoo Road kwa sehemu kubwa ni wewe, mabasi, mikokoteni, na matatu inayopanda kwa kingo ikikwepa jam. Mimi Jogoo Road sipiti saa moja na nusu hata unilipe. Ukiamua, toka mapema, pitia ndani Buruburu kwa Mumias South Road ukwepe kipande cha Outer Ring, ukitokea Jogoo Road kaa kushoto ila usikae kwa mtaro kabisa, acha kama urefu wa mkono, hapo ukitokea shimo una pa kukwepea. Angalia mifuniko ya maji taka, mingine imeibwa iko wazi, na zile grili za mtaro zenye vyuma vimelala sambamba na barabara zinameza tairi jembamba lote. City Stadium usiingie Landhies Road, kule Muthurwa asubuhi ni vita, chukua Lusaka Road, Bunyala Road, vuka Uhuru Highway ukiwa umeshuka. Pale juu ndio Expressway, na baiskeli haziruhusiwi kule, lakini kivuli chake cha chini ni bure, pumzika hapo kabla ya mlima.

Zote ni kama kilomita 13. Siku ya kwanza itakuchukua saa nzima na zaidi. Usijaribu Jumatatu. Jaribu Jumapili asubuhi barabara ikiwa tupu, uone ni wapi mwili unakataa.

Mambo ya vitu: begi isiwe mgongoni, mgongo ndio unatoa jasho kushinda mahali pote na begi inaziba upepo. Funga kwa keria na mpira wa tyubu, fundi yeyote atakukatia. Nguo za kazi zipeleke Jumatatu na gari, zikae kwa kabati, alafu endesha Jumanne na Alhamisi tu kwa mwezi wa kwanza. Nywele, hapa nimeuliza dada zangu wa chumba cha habari maana mimi ni upara: wanasema rasta nene zikifungwa juu helmeti haikai, inaelea tu kichwani kama sufuria, suka nyembamba ama zifungwe chini karibu na shingo, na kitambaa chepesi cha pamba ndani kinyonye jasho. Vipodozi baada ya zile dakika kumi.

Pesa: wewe mwenyewe piga hesabu yako, lakini kwa mtu wa gari mbili, tuseme 130 asubuhi na 150 jioni, hiyo ni 280 kwa siku, siku 22 ni 6,160 kwa mwezi. Baiskeli yangu ya mtumba ilinitoka 12,500, helmeti, kufuli na taa zikachukua kama 4,000. Ukiendesha kila siku miezi mitatu haiishi kabla irudishe pesa, ukiendesha siku mbili kwa wiki itachukua zaidi ya nusu mwaka. Na hakuna mtu huwa anakuambia hii: utakula. Mimi chapati mbili za saa nne zilianza na baiskeli na hazijawahi kuisha.

Kabla ununue chochote uliza ofisini kama kuna choo cha kubadilishia na mahali pa kufunga baiskeli. Jengo moja nililofanyia kazi zamani walikuwa wananikataza kuingia nayo hata basementi, eti inachafua, na hapo hapo kuna magari yanamwaga oili sakafuni. Niliiacha kwa mama wa chai mwaka mzima, mbao (shilingi ishirini) kila siku. Bila hayo mawili, nasema kweli, kaa na matatu.

Na siku za matatu, Januari na Februari jua linapita upande wa kusini, kwa hivyo asubuhi ukielekea tao keti upande wa dereva, jioni ukirudi keti upande wa mlango. Si ajabu kubwa lakini utaona tofauti kwa shingo. Juni na Julai inageuka, ila miezi hiyo wewe ndiye utakuwa unalitafuta jua.

SWALI: Mkuu, mimi naendesha kutoka Uthiru hadi Industrial Area, miaka miwili sasa. Asubuhi sina neno. Jioni nikifika Kangemi kichwa kinagonga kama kengele, juzi nikaona kizunguzungu nikakaa chini kando ya barabara, kijana wa boda akaninunulia soda. Bibi anasema ni presha. Nina miaka 41. *Baba Watatu, Uthiru*

JIBU: Baba Watatu, kwanza mpelekee huyo kijana asante. Pili, nenda upimwe presha, ukiwa na miaka 41 hilo si la kubishana na mama watoto, na kizunguzungu kikija tena hata siku ya baridi usiniandikie mimi, nenda kliniki.

Lakini kabla hujafika huko sikiza. Wewe ni kinyume cha yule dada wa Umoja. Asubuhi unateremka, jioni umechoka na joto ndilo hilo na unapanda kutoka Industrial Area mpaka Uthiru, na jua liko usoni kwenda na kurudi. Mungu hakukuonea, ni vile tu jiji limeinama. Sasa niambie mchana unakula nini? Kwa barua yako ndefu (nimeifupisha) umesema chai asubuhi na mkate, alafu hujataja kingine mpaka usiku. Umetoa jasho siku nzima kwa karakana, maji na chumvi vimetoka, alafu saa kumi na moja unaanza kupanda mlima. Kichwa lazima kigonge.

Anza kunywa maji kutoka saa nane, kidogo kidogo, usingoje kiu. Kula kitu saa kumi, ndizi na njugu zinatosha. Na kwa chupa ya njiani changanya lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari vya kusawazisha, na nusu kijiko cha chumvi, ni ile ile ya mtoto anayeharisha. Usizidishe chumvi ukidhani unaongeza dawa. Soda inakupa sukari, chumvi haina ya maana.

Jua la hapa pia linadanganya. Tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni ya kupendeza kwa hivyo husikii unachomwa, lakini miale ni mikali, na kufika katikati ya Machi saa sita na nusu mchana jua liko utosini kabisa, kivuli unakikanyaga. Vaa kofia nyepesi yenye ukingo wa mbele ndani ya helmeti, shati la mikono mirefu jepesi, la rangi isiyo nyeusi. Na Kangemi usipite moja kwa moja, simama dakika kumi na tano penye kivuli jua lishuke, bora uwe na taa maana kufika saa moja na robo kwetu hapa giza limeingia mwaka mzima, hakuna ile ya kusema bado kunaonekana.

Ukiona mtu wa baiskeli, ama yeyote, amechanganyikiwa maneno, mwili moto kama jiko, na anaanguka, hiyo si uchovu. Mweke kivulini, mmwagilie maji, mpepee, na hospitali haraka.

SWALI: Nasoma na naishi Githurai. Njia ya baiskeli ya Thika Road iko lakini boda zinapita humo na kelele juu, kuna mmoja aliniambia nitoke kwa njia YAKE. Nifanyeje? *Mwanafunzi*

JIBU: Umtolee njia. Najua unataka niseme umsomee sheria, lakini yeye ana injini na haraka, wewe una goti. Kengele ya sauti kubwa inasaidia, na hao wa boda wanaongezeka sana karibu na steji kama Roysambu na Allsopps, hapo punguza mwendo kabisa, kuna na watu wanaruka kutoka kwa gari bila kuangalia nyuma. Ukitaka kujisikia uko na jeshi, kuna wale wa Critical Mass wanaoendesha pamoja jijini kila mwezi, ukiingia kati ya kundi hilo hakuna boda itakuambia kitu.

SWALI: Mnasifu baiskeli na mvua ya Machi iko hapo kwa kona. Mvua nayo? *Mama Njeri, Kayole*

JIBU: Mvua panda matatu, mama. Nauli itakuwa imeruka mara mbili nalo ni jambo la kukera, lakini barabara ikijaa maji huoni shimo, na breki za mtumba zikilowa ni kama zimeenda likizo. Mimi Aprili naendesha siku ambazo asubuhi mbingu iko wazi, na plastiki ya siti iko mfukoni daima, na nikinyeshewa jioni nanyeshewa tu nikienda nyumbani, si kitu. Ya asubuhi ndiyo sikubali.

SWALI: Mimi ni kange laini ya Eastlands na nimechoka kusomwa hapa kila mwezi. Mnasema tunafunga madirisha. Si sisi! Abiria wenyewe ndio wanafunga, tukiwa kwa jam pale Muthurwa mikono inaingia na simu inaenda, nikifungua nalaumiwa, nikifunga nalaumiwa. Na kusimama, wakati wa Michuki, yule waziri wa uchukuzi, nilikuwa mtoto lakini najua sheria, kila mtu siti yake na mkanda, lakini saa moja asubuhi nikikataa mtu kusimama ananitukana mama yangu. Ndio hivyo. Sasa swali langu si utani: naamka saa tisa usiku kushika gari saa kumi, hakuna matatu ya kunipeleka kwa matatu, boda inanila soo mbili (shilingi mia mbili) kila siku. Baiskeli inaweza? Ni kilomita nne hivi. *Kange, Dandora*

JIBU: Hiyo ya madirisha umenishinda, bro, na nimeicheka peke yangu kwa meza. Tumejifungia kwa tanuri juu ya simu. Ila hata ukifungua tu vile vidirisha vya juu kabisa pande zote mbili, mkono hauingii na hewa moto inatoka, joto linapanda juu lenyewe. Na zile sheria za 2004 zilitoka watu wakilia hivyo hivyo, wenye gari wakagoma, alafu kwa muda tukakaa siti moja moja kama watu wa maana. Nakumbuka. Nilikuwa abiria.

Kilomita nne ni dakika ishirini, na saa kumi alfajiri hakuna jua, hakuna moshi, hakuna jam, ndio saa nzuri kushinda zote kuendesha Nairobi kama ingekuwa ni barabara peke yake. Tatizo ni watu. Usipite njia za mkato za kando ya mto, pita barabara kubwa penye taa hata kama ni mbali zaidi. Tafuteni na dere wako, ama kange wa gari zingine wanaotoka mtaa huo huo, muondoke watatu wanne pamoja, nyinyi wote mnaamka saa hizo. Baiskeli iwe mbaya kwa macho, toa stika, toa rangi inayong'aa, ila breki ziwe nzima. Iache kwa soja wa petroli steshoni mnapojazia mafuta, umtolee ya chai kila wiki, na ufunge fremu pamoja na gurudumu, si gurudumu peke yake, utapata limebaki gurudumu. Taa nyekundu ya nyuma ni lazima maana saa hizo wanaotoka kwa klabu ndio wanarudi nyumbani.

Na kama gari yako ni ile nadhani ni ile, lile dirisha la kiti cha nyuma kushoto lililokwama tangu mwaka jana, mwambie mwenye gari fundi wa vioo ni nusu saa tu.